Bi Tuone na Nakala ya Siku ya Pili

Ijumaa ya tarehe 30 mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, mhandisi mwandamizi wa ishara wa Chumba Namba Saba atakabidhi kadi yake ya mlangoni na kustaafu, baada ya kuitumikia taasisi hii kwa miaka thelathini na mmoja, miezi minne na siku tisa. Kwenye mwaliko wa hafla, ofisi ya utumishi ilikuwa imeandika miaka thelathini na miwili. Mwenyewe alipousoma alichomoa kalamu, akapiga hesabu pembeni ya mwaliko huohuo, akaurudisha ukiwa umesahihishwa. Aliyeupeleka ananiambia hakukasirika hata kidogo. Alisema tu kwamba hawezi kuagwa kwa miezi ambayo hakuifanyia kazi.

Ndiyo maana tunamwita Bi Tuone. Jina hilo nililikuta. Fundi akija na habari njema kwamba kifaa kimepona, yeye hujibu "tuone". Ukimwambia hesabu imekubali, ni "tuone" vilevile, na anavuta kiti akae. Mume wake huwasimulia wageni kwamba hata siku ile alipomwomba wafunge ndoa alijibiwa hivyohivyo, na kwamba baada ya watoto watatu bado hajapewa jibu kamili.

Mhariri wa jarida hili alinipa nusu ukurasa, na mkurugenzi akanisisitizia niwe mchangamfu. Nitajitahidi. Lakini sikusudii kumvika mwenzetu kilemba cha ukoka, na nusu ukurasa hautatosha. Wanaotujua wanajua pia kwamba sisi wa jengo hili hatuna mazoea ya kuaminiana. Simu tunaziacha mlangoni kwenye visanduku vya mbao, na kila mmoja hugeuka mara mbili kuhakikisha chake kimefungwa. Karatasi tunazilaza kifudifudi hata zikiwa tupu. Nimeambiwa keki ya Ijumaa imeagizwa na watu watatu mbalimbali, kila mmoja akiwa na shaka kwamba mwenzake hakuiagiza. Kazi yenyewe ndiyo imetufanya hivi, ingawa siku hizi nadhani tuliipokea kwa furaha kupita kiasi.

Bi Tuone aliingia hapa akiwa fundi mdogo wa karakana ya antena, kazi yake kulehemu nyaya na kuzipima. Katika mwaka wake wa pili, skrini ya rada ya mazoezi ilianza kuonyesha kitu kidogo upande wa mashariki, kinachojitokeza kila baada ya dakika arobaini hivi na kupotea. Walinzi waliongezwa getini. Ziliandikwa ripoti kumi na moja, na kufikia ile ya saba kitu hicho kilikuwa kimeshapewa mabawa na injini mbili. Fundi mdogo akaomba ruhusa ya kutembeatembea koridoni na saa yake ya mkononi. Siku ya tatu aliingia ofisi ya katibu muhtasi, akachomoa waya wa friji. Kila friji ile ilipowaka ilikuwa ikitupa vurugu ya umeme kwenye waya wa antena uliopita nyuma ya ukuta. Kitu cha mashariki hakikuonekana tena, na maziwa ya katibu muhtasi yaliharibika kabla ya jioni. Wiki hiyohiyo alihamishiwa Chumba Namba Saba.

Kwa wasiofanya kazi nasi, nieleze kidogo. Rada hurusha mawimbi, kisha husikiliza mwangwi wake, na kwa mwangwi huo hujua mbele kuna nini na kiko umbali gani. Mtambo wa kuvuruga nao hurusha mawimbi, ila nia yake ni kelele tupu: kuyajaza masikio ya rada ya mwenzako asione kitu. Zamani vilikuwa vyombo viwili, magari mawili na ugomvi mmoja usiokwisha, kwa sababu ukianza kuvuruga, rada yako mwenyewe nayo inapofuka. Ndege zetu za uokoaji zilikuwa zikisindikizwa kwa zamu, kuona dakika chache, kuvuruga dakika chache, na kwenye kupokezana zamu ndipo ndege ilipoweza kulengwa.

Bi Tuone ndiye aliyesema ishara moja inaweza kufanya kazi zote mbili, iume na kupuliza. Ukipiga kelele chumbani kwako, alituambia, jirani hasikii redio yake. Lakini wewe unayejua hasa ulichokipiga, unaweza kuitambua sauti yako inavyorudi kutoka ukutani. Basi itengenezwe kelele ambayo kwa mwenzako haina kichwa wala miguu, ila sisi tunayo kumbukumbu yake sekunde kwa sekunde, na mwangwi wake ukirudi tunaufahamu. Wakubwa wa wakati huo walimwambia mshika mbili moja humponyoka. Alijibu kama mnavyomjua.

Ugumu ulikuwa kwenye kiasi. Ukiiachia ishara iwe kelele mno, inavuruga vizuri sana, lakini mwangwi wake unarudi mchafu na vitu vidogo vinajificha humo. Ukiipangilia ili uone vizuri, mwenzako naye anaushtukia mpangilio na kupata mwanya. Kiasi hicho alikiita chumvi, na alikitafuta kwa miaka sita. Alikuwa akituuliza koridoni leo chumvi imefika ngapi, hata wageni wakadhani tunaficha jiko mahali fulani.

Mimi nilifika hapa katika mwaka wake wa kumi na mbili, nikiwa mwandishi wa programu mwenye tai na maneno mengi. Nilipewa meza inayotazamana na yake. Wiki haikwisha akaniita mdogo wangu, nami nikamwita dada. Nyumbani kwetu mimi ndiye kifungua mimba, sikuwahi kuwa na dada wa kunitangulia, na nililipenda neno lile kuliko nilivyoonyesha. Alinifundisha kusoma mchoro wa mawimbi kama mtu anavyosoma barua. Programu yangu ndiyo iliyoizalisha ile kelele: yeye aliandika kanuni na chumvi, mimi nikaandika amri za kuipa kompyuta.

Miaka kumi na moja iliyopita ishara yetu ilipelekwa kwenye majaribio ya siku tatu. Upande wa pili kulikuwa na kikosi cha kusikiliza, ambacho tulikiita Masikio, na kiongozi wao tukimwita Mzee wa Masikio. Kazi yao ilikuwa kutushinda kwa njia yoyote. Sheria ya majaribio ilikuwa moja na kali: pande mbili zisizungumze kwa siku tisini, si uwanjani wala mtaani, kila jambo lipite kwa maandishi ofisini.

Siku ya kwanza tulicheka. Skrini zao zilikuwa nyeupe kutwa, huku sisi tukiona hadi mnara wa maji wa mji wa jirani. Siku ya pili tuliwasha mtambo asubuhi, na hazikupita dakika tano skrini zao zikasafika kabisa, kana kwamba hatukuwapo. Siku ya tatu hivyohivyo. Wiki mbili baadaye ripoti yao ilifika, na mkuu wa kitengo wa wakati huo akatusomea mstari mmoja huku ameshika miwani mkononi: "Kufikia asubuhi ya siku ya pili tulikuwa na nakala ya ishara, hivyo tukaiondoa kwenye vipokezi vyetu."

Tulikuwa wanane mle chumbani. Neno nakala lilitua mezani na kila mtu akaanza kumtazama jirani yake. Ishara ile ilikuwa imefungiwa kwenye kabati la chuma, na ili kuiondoa kelele namna ile ni lazima uwe nayo yote. Mkuu wa kitengo alisema kikulacho ki nguoni mwako. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza nakala yenyewe waliipata wapi. Tulishajua, au tulidhani tunajua: kuna mtu amewapa.

Siku tatu baadaye tuligawiwa fomu. Haikuwa na mahali pa kuandika jina la anayejaza, ila ilitakiwa ijazwe kwa mkono, na ilikuwa na swali moja: "Taja unayemshuku, na sababu." Tuliambiwa tuzitumbukize kwenye sanduku lililowekwa pembeni ya meza ya chai. Watano kati yetu tulimtaja Bi Tuone. Naandika "tulimtaja" kwa sababu mmoja wao ni mimi, na hili sijawahi kulisema hadharani.

Sababu zangu zilikuwa tatu na niliziandika kwa mwandiko mzuri. Ya kwanza, kila jioni alikuwa akiondoka na daftari mkobani. Ya pili, kila siku saa nne kamili alichukua simu yake kwenye kisanduku, akaenda kusimama nyuma ya tangi la maji na kuzungumza kwa sauti ya chini. Ya tatu, shemeji yake alikuwa dereva katika jengo la Masikio. Nikiyasoma hivi leo naona mtu anayeshuku kwa bidii ili asitazamwe yeye, maana programu ilikuwa yangu na nilikuwa na hofu. Nilimtaja dada yangu ili macho yasinigeukie. Naona aibu, na sina namna ya kuipunguza kwa maneno.

Daftari lile lilikuwa la binti yake wa darasa la tano, lenye kurasa zilizobaki, na alilitumia kumfanyia mtoto mifano ya hesabu. Simu ya saa nne ilikuwa ya mama mkwe wake, bibi asiyemwamini daktari, muuguzi wala mwanawe mwenyewe, ambaye hakubali kumeza dawa ya presha mpaka mkwe wake amwambie kwa mdomo wake kwamba ni ileile ya jana. Sauti ilikuwa ya chini kwa sababu ni vigumu kumbembeleza mkwe mbele ya walinzi. Na yule shemeji walikuwa hawasemezani mwaka wa tatu huo, kwa ajili ya ngazi aliyoazima akairudisha imepungua kidato kimoja. Kila moja ya haya ningeweza kulijua kwa kuuliza swali dogo tu.

Akahamishwa. Barua ilisema ni kwa muda, wakati uaminifu wake ukichunguzwa. Alinyang'anywa kadi ya Chumba Namba Saba, akapelekwa stoo ya vipimo, chumba chenye dirisha moja mwisho wa uwanja, akae huko akipima mizani na nyaya kuukuu. Kikombe chake kikaondoka kwenye rafu yetu na hakuna aliyekubali kuwa ndiye aliyekiondoa. Wenzangu walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi nikaitikia. Nilipokutana naye getini aliniuliza mtoto wangu anaendeleaje shuleni, nikamjibu huku nikitazama saa.

Alikaa kule miezi kumi na minne. Stoo ilikuwa na mtambo wa akiba, pacha wa ule wa majaribio, wenye programu ileile, na hakuna aliyekumbuka kuuondoa. Kwa miezi mingi hakuugusa, kwa sababu hakuwa na ruhusa ya maandishi na hakutaka kuwapa watu sababu ya nne. Ruhusa ilipokuja, ya kuupima tu kama wapimavyo chombo chochote, aliuwasha Jumatatu akachapa mchoro wa ishara kwenye karatasi nyepesi. Jumanne akauwasha tena na kuchapa. Jumatano vilevile. Kisha akazipanga karatasi tatu moja juu ya nyingine na kuzibandika kwenye kioo cha dirisha, jua likipita nyuma yake.

Alinitumia ujumbe kwamba ana swali la programu. Nilikwenda nikiwa na wasiwasi, nikajiandaa kwa lawama. Hakunilaumu. Alinionyesha dirisha. Kelele tatu za siku tatu, ambazo zilipaswa zisifanane hata kwa bahati, zililala mstari juu ya mstari kana kwamba ni karatasi moja. Akaniuliza kwa upole, "Mdogo wangu, mbegu uliweka namba gani?"

Kompyuta, wasomaji wangu, haiwezi kubahatisha. Ili itoe kelele inayoonekana ya kubahatisha, unaipa namba ya kuanzia, ambayo sisi tunaiita mbegu, na kutoka hapo huzalisha namba nyingine mamilioni. Ukiibadilisha mbegu, kelele inakuwa nyingine kabisa. Ukiiacha ileile, unapata kelele ileile tangu mwanzo hadi mwisho. Wakati wa kutengeneza, mimi niliiweka mbegu isibadilike, ili tukirekebisha chumvi tuweze kulinganisha jana na leo. Nilitumia tarehe ya kuzaliwa ya mwanangu wa kwanza. Tulifungua programu palepale stoo, na kando ya namba ile nilikuta maneno yangu mwenyewe: "Ondoa kabla ya majaribio."

Sikuiondoa namba ile. Kila mtambo ulipowashwa asubuhi ulianza kuimba wimbo wa jana yake, neno kwa neno. Bi Tuone, kwa kuwa siku tisini zilikuwa zimepita zamani, aliandika barua ya mstari mmoja kwa Mzee wa Masikio akimuuliza ile nakala waliipata wapi. Jibu lilikuja baada ya siku nne: "Mlitupa wenyewe, siku ya kwanza, kutwa nzima." Walikuwa wameirekodi hewani, kama wanavyorekodi kila kitu, na asubuhi iliyofuata wakashangaa kusikia ileile. Nakala kwao ilikuwa kanda. Sisi tulisikia nakala tukaona mkono wa mtu ukipenyeza bahasha.

Ripoti aliiandika yeye. Nilingoja siku nzima kuona jina langu, na halikuwemo. Aliandika kwamba mbegu haikubadilishwa kabla ya majaribio, kwamba ni kosa la kitengo, na kwamba kuanzia sasa mbegu itokane na saa ya mtambo pamoja na mtetemo wa umeme usiotabirika, na watu wawili wasaini kuwa wameikagua. Utaratibu huo ndio tunaoutumia hadi leo. Alirudishwa Chumba Namba Saba kwa barua isiyo na neno la samahani, "kwa maslahi ya kazi". Siku ya kwanza alikuja na kikombe kipya mkobani.

Yaliyofuata wengi wenu mmeyashuhudia. Ishara ilirudiwa majaribio, na mara hii Masikio walikaa siku tatu mbele ya skrini nyeupe. Tangu wakati huo ndege za uokoaji zimesindikizwa mara mia mbili na kumi na saba kwa mtambo mmoja, unaoona na kuvuruga kwa pamoja, na hakuna hata moja iliyolengwa. Wahandisi kumi na wanne wamepita mikononi mwake. Mmoja wao aliwahi kumletea matokeo mazuri mno, akamrudisha akatafute kosa, na kosa likapatikana. Kijana huyo, ambaye sasa ana mvi, anasema bado anaota ndoto mbaya kila hesabu inapokubali mara ya kwanza.

Lakini ile barua ya uhamisho haikufutwa. Nafasi ya mkuu wa sehemu ilitangazwa mara mbili, na mara zote mbili jalada lake lilirudi likiwa na maneno "suala halijafungwa". Mara ya pili nafasi ile nilipewa mimi. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kunipongeza, kisha akaomba aisome barua yangu ya uteuzi, akakuta makosa mawili ya uandishi. Nilicheka naye. Jioni ile sikula.

Mwezi uliopita nililetewa fomu ya kustaafu kwake niisaini, mimi mkuu wake wa kazi. Kipengele cha tisa kinauliza kama jalada lina suala lolote lililo wazi. Ukijibu ndiyo, mstaafu hapewi cheti cha uaminifu, na jalada likishafungwa tarehe 30 haligusiki tena. Bi Tuone ameombwa na chuo cha ufundi akafundishe wahandisi wapya siku mbili kwa wiki. Tayari ameshaandaa mihtasari, anaibeba mkobani, na nina hakika wapo walioshaanza kujiuliza ni karatasi za nini. Chuo hakipokei mwalimu asiye na cheti hicho. Hakuniomba nijibu hapana. Aliniambia nijibu ukweli.

Nikaenda kwa karani wa majalada. Yeye ni mtu wa kanuni, na kanuni yake ni hii: shutuma huifuta aliyeitoa, kwa mkono wake, si mwingine. Fomu zote nane bado zimo, na tano zina jina la Bi Tuone. Nilionyesha iliyo yangu, nikaandika chini yake kwamba nilikosea, nikaeleza kwa nini, nikasaini jina langu lote. Watatu wengine, niliowatambua kwa mwandiko, niliwaendea mmoja mmoja. Kila mmoja alinitazama kwanza kama mtu aliyetumwa kumtega, na mmoja aliniuliza mara mbili kama nimevaa kinasa sauti. Wote watatu wamekwisha kusaini.

Imebaki moja. Imeandikwa kwa herufi kubwa zote, sababu ni mstari mmoja, na mwenyewe hajatokea. Wote wanane tunalipokea jarida hili, waliostaafu kwa posta na sisi tulio hapa kwa mkono, kwa hiyo namwandikia yeye: mlango wa karani uko wazi hadi Ijumaa saa sita mchana, na hakuna atakayekuuliza lolote zaidi ya saini. Nashuku ninakujua. Lakini nimewahi kushuku kabla, na mmesoma yaliyotokea, kwa hiyo sitalitaja jina lako, wala sitakuja mezani kwako. Nitakaa kwenye benchi la pale nje asubuhi nzima.

Karani alipokuwa akinitafutia ukurasa wangu alizipitia fomu moja moja kwa kidole, na ya sita niliitambua kwa mwandiko, kwa ile saba ya kwenye tarehe, ambayo siku zote huikata katikati. Ilikuwa ya Bi Tuone. Sikutakiwa kuisoma lakini niliisoma. Mwanamke ambaye hajawahi kuiamini hesabu hata moja kwa miaka thelathini na mmoja, aliulizwa anamshuku nani kati yetu, siku ileile ambayo mimi nilikuwa meza ya mbele yake nikiandika jina lake. Alijibu hivi: "Nashuku mashine. Watu nawajua."

Dada, tunakushukuru kwa kazi yako yote. Nenda ukapumzike, na chuoni wakupokee kwa heshima unayostahili. Afya isikupungukie, na mwaka ujao, ukitaka chai ya saa nne, njoo. Kwenye kisanduku kimoja cha simu za wageni pale mlangoni nimekwisha kuandika jina lako.